Sila kwenye zege la nje imekuwa nyeupe na inabanduka: ni unyevu, chumvi, fundi au dawa yenyewe?

#1 KibarazaKipya
Wakuu, habari za majukumu. Nyumba yangu iko Kigamboni, si mbali na ufukwe. Mwishoni mwa Januari tulimwaga jamvi la nje lenye unene wa sentimita 10 na eneo la mita za mraba 60. Nusu yake ni baraza lililoezekwa, na nusu nyingine ni maegesho ya gari yaliyo wazi. Fundi alimalizia uso kwa niru, yaani saruji tupu ya kulainishia, akausugua mpaka ukang'aa. Wiki tano baadaye, mwanzoni mwa Machi, alipaka sila ya akriliki, yaani dawa ya kukinga uso wa zege, ile yenye harufu kali ya tina ya kuchanganyia rangi, na kazi yote ikaisha mchana mmoja. Masika ilipokolea yalianza kujitokeza mabaka meupe chini ya utando, barazani na kwenye maegesho pia, na sasa utando unabanduka pale magurudumu yanaposimama na kando ya ukuta wenye bustani ya maua. Fundi anasema ni chumvi ya Kigamboni na haina dawa. Muuzaji anasema dawa haina kosa, fundi ndiye hajui kazi. Naomba kujua weupe huu unatoka wapi, na nikiubandua utando wote nipake kitu gani.

#2 Kokoto Nne
Pole, mkuu. Kabla hatujamnyooshea mtu kidole, je, chini ya jamvi kulitandikwa nailoni nzito?

#3 KibarazaKipya
Ndani ya nyumba ilitandikwa. Kwa nje walishindilia kifusi na mawe, wakamwaga zege moja kwa moja.

#4 Kokoto Nne
Basi jibu unalo. Ardhi ya Kigamboni karibu na bahari ina maji yasiyo mbali na uso, na wakati wa masika yanapanda zaidi. Zege lina vinyweleo vinavyovuta unyevu kutoka chini na kuutoa juu kama mvuke. Sila ya utando, yaani akriliki, epoksi na poliurethani, hukaa juu ya uso na kuziba njia hiyo. Mvuke ukikosa pa kutokea hukusanyika chini ya utando, utando unapoteza mshiko na rangi yake inakuwa ya maziwa. Hilo la kando ya bustani linanithibitishia, kwa sababu mnamwagilia maua kila siku na maji yanaingia ubavuni mwa jamvi.

#5 Fundi Rangi Mstaafu
Ndugu yangu Kokoto Nne anajibu haraka mno. Kama unyevu unatoka chini tu, kwa nini baraza lililoezekwa, ambalo mvua hailigusi, lina mabaka yale yale? Mimi naiangalia ile kauli kwamba kazi iliisha mchana mmoja. Zege likipigwa na jua la Machi linapata joto, hewa iliyo ndani ya vinyweleo inapanuka na kutoka, na ikikuta utando mbichi inaacha mapovu madogo ambayo mtu aliyesimama huyaona kama ukungu mweupe. Ndiyo maana sisi tulifundishwa kupaka jioni, joto la zege linapoanza kushuka, ili vinyweleo vivute dawa ndani badala ya kuisukuma nje. KibarazaKipya, nieleze zilitumika lita ngapi na mikono mingapi, yaani tabaka ngapi.

#6 KibarazaKipya
Madumu mawili ya lita 20, yaliisha yote. Alipiga mikono miwili, wa pili mara baada ya chakula cha mchana.

#7 Fundi Rangi Mstaafu
Tupige hesabu. Mita za mraba 60 kwa mikono miwili ni mita 120, ukigawanya kwa lita 40 unapata mita 3 kwa lita. Akriliki nyingi za tina huandikwa kwenye dumu kwamba lita moja inatosha mita za mraba 5 hadi 7 kwa mkono mmoja. Kwa hiyo fundi wako amepaka karibu mara mbili ya kiasi. Tabaka nene hukauka juu kwanza, tina iliyobaki chini inafungiwa, na mkono wa pili ukija kabla wa kwanza haujakauka sawasawa, hapo ndipo weupe unapoanzia. Wateja hupenda kuona dawa imekolea, na fundi naye hataki kurudisha dumu lenye dawa.

#8 Mchanga wa Mto
Mzee, ulistaafu lini? Kila uzi wa rangi humu tunakukuta ukiwa kazini.

#9 Fundi Rangi Mstaafu
Nilistaafu kupanda ngazi, sikustaafu kusema.

#10 Mkemia Mtulivu
Naomba kuongeza jambo ambalo wote wawili wameliruka. Neno "chumvi" la yule fundi si la kupuuzwa, ila chumvi ziko za aina zaidi ya moja. Saruji inapoungana na maji huzalisha chokaa, yaani hidroksidi ya kalisi, ambayo huyeyuka kidogo katika maji. Maji yanapopita ndani ya zege na kufika juu, chokaa hiyo hukutana na kaboni dioksidi ya hewani na kuwa kaboneti ya kalisi, unga mweupe usioyeyuka tena kwa urahisi. Hilo hutokea hata Dodoma, bila bahari. Aina ya pili ni chumvi inayoingia na mchanga wa pwani ambao haukuoshwa, au na maji ya kisima chenye maji ya chumvi yaliyotumika kuchanganyia. Hiyo huyeyuka ukiimwagia maji na hurudi jua likiwaka. Ya tatu wala si chumvi, ni utando wenyewe uliokufa rangi kama alivyoeleza #7.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Pale utando ulipobanduka, kwangua unga kidogo uweke kwenye kisosi, kisha udondoshee siki. Ukitoa mapovu ni kaboneti. Ukiyeyuka kwa maji matupu ni chumvi ya aina ya pili. Na kama hakuna unga wowote wa kukwangua, basi weupe uko ndani ya utando.

#11 Jamvi la Tanga
Tahadhari kidogo kwa maelezo ya #10. Siki hutoa mapovu hata kwenye zege lenyewe, kwa sababu saruji ngumu nayo ina kaboneti, na kokoto zetu nyingi za Tanga ni za mawe ya chokaa. Akikwangua kwa nguvu akachukua na niru, atapata mapovu na kudhani amepata jibu. Achukue unga ulio huru peke yake, kwa brashi laini.

#12 Mkemia Mtulivu
Sahihi kabisa, asante.

#13 Kokoto Nne
Nakubali kuwa tabaka lilikuwa nene. Hata hivyo, nani amesema wiki tano zinatosha? Wengi tunasoma kwenye dumu "subiri siku 28" na tunadhani baada ya hapo zege limekauka.

#14 Injinia wa Kujitegemea
Hapo umegusa jambo linalochanganya watu wengi. Siku 28 ni umri ambao nguvu ya zege hupimwa kwa desturi, kwa sababu kufikia hapo saruji imeshafanya sehemu kubwa ya kazi yake. Kukauka ni safari nyingine. Kanuni ya makadirio tunayoitumia ni karibu mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kuanzia siku ulipoacha kumwagilia, na hiyo ni pale ambapo hakuna unyevu unaotoka chini. Jamvi la sentimita 10 lingehitaji takriban miezi minne, na hewa ya Dar es Salaam yenye unyevunyevu inaweza kuirefusha zaidi. Kwa hiyo utando ulipakwa juu ya zege lililokomaa lakini bado lina maji yake ya kuzaliwa. Hili linajibu swali la #5 kuhusu baraza: halikuhitaji mvua wala maji ya ardhini, maji lilikuwa nayo tayari.

Kipimo kingefanyika kabla ya kupaka. Chukua kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45, kibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache kwa saa zisizopungua 16. Ukikuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi kuliko jirani yake, usipake sila ya utando.

#15 Fundi Rangi Mstaafu
Kipimo nakifahamu, lakini ukikibandika penye jua kali kinaweza kukudanganya. Usitegemee sehemu moja, weka vipande viwili vitatu, na uvikinge na jua.

#16 Bi Mkubwa wa Upanga
Mbona hakuna anayeitaja niru? Nimejenga nyumba za kupangisha na nimeona mafundi wakinyunyizia saruji kavu juu ya zege ambalo bado linatoa maji, kisha wanasugua mpaka linang'aa. Ule uso unapendeza siku ya makabidhiano, lakini ni ganda jembamba ambalo halikushikana sawasawa na zege la chini, na pia limefunga vinyweleo. Sila haipati pa kung'ang'ania. Gari likisimama, tairi lenye joto linashika utando, na likiondoka linauvuta pamoja na lile ganda. Ndugu KibarazaKipya, chukua kipande cha utando uliobanduka ukigeuze. Ukiona unga wa kijivu umekwama mgongoni mwake, sila haikushindwa. Kilichoachia ni niru.

#17 KibarazaKipya
Nimegeuza vipande kadhaa. Vya kwenye maegesho vina unga wa kijivu mgongoni, tena mwingi. Vya kando ya bustani ni safi, vimetoka kama ngozi ya nyoka.

#18 Bi Mkubwa wa Upanga
Haya sasa.

#19 Kokoto Nne
Haya sasa nini, shangazi? Vya bustani ni safi kwa sababu unyevu ndio uliovisukuma. Kila mmoja wetu amepata kipande chake.

#20 Mpwani wa Nyali
Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu watu wengi wameacha kumwaga zege nje, wanatandika kabro, yaani vitofali vya zege, na maji yanapita kwenye maungio bila ugomvi. Hata hivyo wapo wanaopaka kabro sila ya kung'aa, na baada ya mvua za Aprili unawaona wakizunguka na brashi ya waya. Mimi nilichagua sila ya kupenya na sijapata usumbufu, ingawa wageni huniuliza kama kweli nimepaka kitu, kwa kuwa haionekani.

#21 Mchanga wa Mto
Hiyo sila ya kupenya isiyoonekana inafanya nini basi? Isije ikawa muuzaji alikuuzia maji.

#22 Mkemia Mtulivu
Hoja ya #21 ni ya utani lakini inastahili jibu, kwa sababu huko ndiko kwenye uchaguzi wenyewe. Sila za kupenya ziko makundi mawili yanayofanya kazi tofauti kabisa. Kundi la kwanza ni sileni na siloksani. Molekuli zake huingia kwenye vinyweleo na kujifunga kwenye kuta zake, zikazifanya zikatae maji. Kinyweleo chenyewe hubaki wazi, kwa hiyo mvuke unaendelea kutoka. Molekuli za sileni ni ndogo kuliko za siloksani, ndiyo maana huingia ndani zaidi kwenye zege gumu, ilhali siloksani hufaa zaidi kwenye vitu vyenye vinyweleo vikubwa kama tofali. Rangi ya zege haibadiliki, na hakuna utando wa kubanduka.

Kundi la pili ni silikati, za sodiamu au za lithi. Hizi huungana na ile chokaa niliyoitaja #10 na kutengeneza kiunganishi cha aina ile ile ambayo saruji huitengeneza, kwa hiyo uso unakuwa mgumu na vumbi linapungua. Silikati peke yake haifukuzi maji kama sileni, na ikibaki juu bila kuoshwa huacha ukoko mweupe mgumu sana kuutoa. Kwa hiyo anayetaka kukwepa weupe asikimbilie silikati bila kujua hilo.

Kwa Kigamboni, ambako hewa yenyewe ina chumvi, sileni ina faida nyingine. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hiyo ikipenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na zege hupasuka kutoka ndani. Kupunguza maji yanayoingia ni kupunguza pia kloridi inayosafiri nayo.

#23 Mbeba Boksi wa Minnesota
Nathibitisha maneno ya #22 kutoka upande wa baridi. Huku Minnesota barabara za majumbani hupakwa sileni na siloksani kwa sababu maji yakiganda ndani ya zege yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9 na kulimenya uso, na chumvi ya kuyeyushia barafu inazidisha madhara. Sila ya kung'aa nje ya nyumba ni balaa la pili, kwa kuwa ikilowa inateleza.

#24 Bi Mkubwa wa Upanga
Hilo la kuteleza lisipite hivi hivi. Baraza ni mahali pa wazee na watoto. Anayetaka lazima utando unaong'aa, basi mkono wa mwisho uchanganywe na mchanga laini wa silika, hata kama mng'ao utapungua.

#25 Ghorofa Moja
Samahani kwa kuingilia. Nina sakafu ya ndani ya zamani, ile nyekundu ya oksaidi, iliyopakwa nta miaka na miaka. Naweza kupaka epoksi juu yake?

#26 Fundi Rangi Mstaafu
Juu ya nta hakishiki kitu. Dondosha maji sakafuni uangalie: yakinyonywa upesi, vinyweleo viko wazi, yakikaa kama shanga, kuna nta, mafuta au sila ya zamani, na lazima itolewe kwanza hadi tone linyonywe. Na epoksi iweke ndani tu, kwa kuwa jua huigeuza kuwa ya njano na baadaye kuitoa unga kama chaki. Tena ukishachanganya sehemu zake mbili usiiache kwenye ndoo ukienda kujibu simu, kwa sababu ikiwa nyingi pamoja inajipasha moto na kuganda ndani ya ndoo. Imwage sakafuni mara moja, uisambaze.

Lakini kwa nini uifunike sakafu nyekundu? Isafishe, irudishie nta, uache vijana waulize uliinunua wapi.

#27 Ghorofa Moja
Mke wangu amesema hivyo hivyo. Asante, mzee.

#28 Injinia wa Kujitegemea
Turudi kwa mwenye uzi. Kabla hajakodi mashine ya kukwangua, ajaribu kipande kidogo. Akriliki ya tina inaweza kulainishwa upya kwa zaileni, kiyeyushi cha rangi. Apake kidogo kwa rola au kitambaa kwenye eneo la mita moja, akiwa amevaa glavu na barakoa ya kuchuja mvuke wa kemikali, hewa ikipita na pasiwe na moto wala sigara karibu. Kama weupe ni mapovu au unyevu mdogo ulionaswa, utando utayeyuka, utaachia kilichonaswa na kukauka upya ukiwa angavu. Akriliki ya maji, epoksi na poliurethani huwezi kuziokoa kwa njia hii.

#29 KibarazaKipya
Wakuu, nimefanya majaribio yote. Nailoni iliyobandikwa barazani ilikuwa kavu asubuhi, na zege halikubadilika rangi. Nailoni ya maegesho, chini ya kivuli cha turubai, ilikuwa na matone. Zaileni iliondoa weupe kabisa barazani. Kwenye maegesho iliuondoa, lakini baada ya mvua ya usiku ulirudi, hafifu kuliko mwanzo. Unga niliokusanya kando ya bustani ulitoa mapovu kwenye siki. Kwenye maji haukuyeyuka.

#30 Fundi Rangi Mstaafu
Baraza ni kavu na weupe umetoka kwa zaileni: hayo ni mapovu na unene, kama nilivyosema #5 na #7.

#31 Injinia wa Kujitegemea
Au ni maji ya zege changa yaliyonaswa Machi, ambayo kufikia leo yameshatoka, na ndiyo maana nailoni ni kavu sasa. Kipimo cha leo hakielezi hali ya siku ya kupaka.

#32 Kokoto Nne
Na maegesho ni unyevu wa chini, maana weupe umerudi.

#33 Jamvi la Tanga
Umerudi baada ya mvua, Kokoto Nne, si baada ya usiku mkavu. Maji yanaweza kuwa yanaingilia juu, kwenye nyufa na pale utando ulipobanduka, yanasambaa chini ya sehemu iliyobaki. Ili useme ni ya chini, asubiri siku kadhaa bila mvua, arudie nailoni, na wakati huo bustani isimwagiliwe.

#34 Mkemia Mtulivu
Kaboneti ya kando ya bustani inaonyesha kwamba maji yanapita ndani ya zege, ila haituambii yameingilia upande gani. Chumvi ya bahari kwa sasa naiweka kando, kwa sababu unga haukuyeyuka kwa maji.

#35 Bi Mkubwa wa Upanga
Na niru kwenye vipande vya maegesho je? Hata ukikausha ardhi yote ya Kigamboni, lile ganda halitashika sila ya aina yoyote. Hata hiyo sileni ya #22 inahitaji vinyweleo vilivyo wazi, na niru imevifunga. Lazima ikwanguliwe.

#36 Mpwani wa Nyali
Kwa asidi au kwa mashine? Huku kwetu wengi hutumia asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa kwa maji.

#37 Injinia wa Kujitegemea
Mashine ya kusaga, pamoja na barakoa, kwa sababu vumbi la zege ni baya kwa mapafu. Asidi haigusi zege lililofunikwa na akriliki, hivyo utando ungelazimika kutoka kwanza, na baada ya hapo asidi ina kloridi ambayo hatutaki kuiongeza karibu na nondo. Atakayeitumia hata hivyo amimine asidi kwenye maji, asimimine maji kwenye asidi, na aoshe mara nyingi.

#38 KibarazaKipya
Nawashukuru wote. Baraza nitalisawazisha kwa zaileni na kuliacha lilivyo. Maegesho nitayasaga mwezi wa nane, kukiwa kukavu, nihamishe bustani au niichimbie mfereji, kisha nirudie nailoni kama alivyoelekeza #33. Sileni na siloksani naweza kuipaka kwa bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani?

#39 Mkemia Mtulivu
Unaweza, ikiwa bomba halijawahi kubeba dawa ya wadudu au limeoshwa kabisa, na mipira yake inahimili aina ya sila utakayonunua, kwa kuwa ziko za maji na za kiyeyushi. Tumia shinikizo dogo, anzia upande wa chini wa mteremko, lowesha hadi uso ung'ae kwa muda mfupi kisha unywe, na kinachotuama kifutwe kwa rola. Funika maua, vioo na gari.

#40 Fundi Rangi Mstaafu
Na mimi bado nasema jioni.

#41 Kokoto Nne
Nailoni ya mwezi wa nane ikitoa matone, mniite.